Niliiacha Mashine Iungue Ili Enjinia Aaibike

Nina umri wa miaka ishirini na minne. Naitwa Zaina, naishi Kimisagara, hapa Kigali, na mama yangu ambaye ni fundi cherehani, na sijaolewa. Kama wanaume waliobaki ni wa aina ya Idrisa, basi niacheni nizeekee ndani ya overoli yangu!

Wasomaji wenzangu, najua wengi mkifungua ukurasa huu mnatafuta mtu aliyeonewa ili mumlilie. Nilionewa, ndiyo. Lakini someni mpaka mwisho kabla hamjanihurumia...

Shule niliishia senior tatu, sekondari. Mwaka huo mama aliugua, cherehani ikanyamaza, na mimi nikakaa nyumbani. Mjomba wangu akanichukua kwenye gereji yake Gatsata, pale juu ya Nyabugogo, ambako kila mlango ni gereji na hata mawe ya barabarani yananuka oili. Mjomba alikuwa ametengeneza mashine za boti miaka mingi kule Kivu. Kigali haina ziwa, lakini watu wenye boti ziwa Muhazi, mwendo wa kama saa moja tu kutoka mjini, walikuwa wanamletea mashine zao zikiugua.

Alikuwa na pipa. Analijaza maji, anaifunga mashine kwenye ukingo wake, anaiwasha hapo hapo katikati ya vumbi. Mafundi wa moto, ndiyo pikipiki hapa kwetu, walikuwa wanasimama kucheka na kuuliza hiyo boti inakwenda wapi.

Mimi sikucheka. Nililitazama lile povu nikaona ziwa zima! Mtoto wa Kimisagara, maji makubwa niliyokulia nayo ni ya mtaro unaoshusha takataka mvua ikinyesha, lakini moyoni nilikuwa nahodha tayari. Nilijiona na kofia, boti yangu imepakwa buluu, navusha maharusi. Mama alikuwa anasema mimi ndiye mtu wa kwanza atakayezama Kigali pasipo na maji.

Jambo la kwanza alilonifundisha mjomba ni mkojo. Msinicheke. Mashine ya boti inavuta maji ya ziwa, inayapitisha mwilini ili ipoe, halafu inayatoa nyuma kwa kitundu kidogo, kama mtoto anayekojoa. Ikikojoa, ni nzima. Isipokojoa, zima! Usimalize hata sentensi uliyokuwa unasema, maana ndani inaungua. Na kinachovuta hayo maji ni feni ndogo ya mpira, ndogo kuliko kiganja changu, ambayo inaishi kwa kulowa. Ukiizungusha kavu dakika chache tu, inakatikakatika. Ndiyo maana ya pipa.

Mjomba alipozeeka akahamia kwa mwanawe Rubavu, akaniachia pipa na kona yake ya gereji. Kona ya pili ilikuwa ya Idrisa.

Sasa huyu Idrisa... Nianzie wapi? Mrefu, mweupe wa meno, amekulia Kampala, na overoli yake ilikuwa safi kuliko shuka za hoteli. Fundi wa moto, alisema. Watu wote walimwita Enjinia kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kujiita hivyo. Leo nikikumbuka nilivyokuwa naitazama ile overoli na kusema moyoni, jamani huyu kijana ni msafi, nataka kujipiga kofi. Fundi gani hana doa? Doa atalipata wapi na kazi hafanyi?

Kitu kimoja alikuwa bingwa. Pale Gatsata mteja hasadiki kwamba moto yake imepona mpaka aisikie. Fundi anaisimamisha kwenye stendi, anavuta mafuta mpaka mwisho, inanguruma, majirani wanaziba masikio, mteja anatabasamu. Idrisa alikuwa anaweza kungurumisha moto mbovu mpaka mwenyewe akaondoka akimwombea baraka. Kesho yake inarudi inasukumwa. Idrisa anakuwa amekwenda kunywa chai.

Nilimpenda mtu huyo. Ndiyo, mimi! Nilimpenda kwa mwaka mzima na miezi.

Aliniambia tutaoana tukipata kazi ya kudumu. Akanieleza mpango wake: mimi nitengeneze, yeye aongee. Eti wateja wa mashine za boti ni watu wakubwa, hawawezi kumwamini msichana mfupi wa Kimisagara mwenye greasi mpaka kwenye nyusi. Nikaona ni kweli. Nikaona hata ni upendo, mtu kunibebea mzigo wa kuongea. Mkiniona mjinga msinifiche, mama yangu aliniambia zamani.

Siku moja akapigiwa simu na Madamu Odile. Huyu ni mama mmoja aliyekulia Tanzania, ana nyumba ya wageni kando ya Muhazi na boti tatu. Boti kubwa ilikuwa inaugua. Tukaenda.

Hapo ndipo nilipomjua Vianney, nahodha wake. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mtoto wa ziwa lile lile, mpole, Kiswahili chake cha kuokoteza kama cha wengi hapa kwetu. Alitueleza kwamba mashine ikienda mbio inakwenda, ikipunguzwa inatetemeka, inakohoa, inazimika. Alisema:

"Iko nakohoa usiku na mucana. Mimi na yeye tuko wagonjwa wabili."

Idrisa akazunguka ile mashine mara mbili, mikono nyuma kama daktari mkuu. Akaigonga kifuniko kwa kidole. Akatangaza kwamba injini imechoka, inatakiwa nyingine mpya, na yeye ana mtu wake Kampala. Hakuwa hata ameifungua!

Madamu alikwenda kupokea wageni. Nikafungua kifuniko mimi. Vianney akanishikia boti kwenye gati, nikaiwasha, nikaisikiliza ikiwa polepole. Haikuwa imechoka. Ilikuwa inachechemea, kama mtu mwenye jiwe kwenye kiatu kimoja. Nikachomoa waya wa plagi ya chini, nikiwa nimeshika kwa mpira mkavu maana umeme wake unapiga: mashine ikazimika kabisa. Nikaurudisha, nikawasha tena, nikachomoa wa juu: hakuna kilichobadilika. Maana yake upande huo wa juu haukuwa unafanya kazi, wa chini ulikuwa unavuta peke yake. Nikabadilishana plagi, ya juu nikaiweka chini, ya chini juu. Ugonjwa ukashuka chini pamoja na plagi. Basi, plagi imekufa.

Lakini plagi haifi bure. Nikamwaga petroli kidogo kwenye chupa ya maji ya kunywa, nikaiacha itulie juani. Ilipotulia, chini kabisa pakaonekana maji yametengana, duara safi. Nikamwuliza Vianney jerikani zinakaa wapi. Zilikuwa nje, mfuniko wa moja umepotea, wameziba kwa mfuko wa plastiki wa sukari wa zamani, mvua inaingia kama nyumbani kwake.

Vianney aliishika ile chupa akaitazama muda mrefu. Akaniita fundi. Hakusema dada, hakusema mtoto. Fundi! Halafu tulipoweka plagi nyingine na petroli safi, akanipa usukani tukazunguka mbele ya mafunjo. Wasomaji, nililia. Upepo ule, maji yale, na mimi ndiye ninayeongoza... Idrisa alikuwa gatini anapiga simu.

Vianney alinifundisha utaratibu wake siku hiyo. Boti yake ilikuwa imewekwa viti na turubai nyuma, nahodha akikaa haoni vizuri kitundu cha mashine. Kwa hiyo anayesukuma boti gatini ndiye anayetazama. Akiona inakojoa, anainua mkono juu. Nahodha akiuona mkono, ndipo anaongeza mwendo. Bila mkono haondoki. Aliniambia mkono wenyewe lazima uwe wa mtu unayemwamini, kwa sababu ukishafika katikati, huna wa kumwuliza.

Madamu aliporudi akasikia mashine imetulia kama saa. Alifurahi. Akasema anatafuta fundi mmoja wa kukaa pale pale, kuzihudumia boti zake zote tatu, apewe chumba kando ya ziwa na mshahara wa kila mwezi. Kwanza ile kubwa ipelekwe Kigali ihudumiwe yote, na ikirudi vizuri ndipo ataamua.

Kazi ile ilikuwa ni ndoto yangu yenyewe imevaa nguo imekuja kunisalimia. Sikuomba kitu kingine mwaka huo.

Wiki nzima nilikuwa na ile mashine Gatsata. Nilisafisha kabureta mpaka vitundu vyake vikapitisha mwanga. Nilibadilisha filta, nikabadilisha plagi zote, nikamwaga oili ya gia kule chini na kuitazama kama ina rangi ya maziwa, maana ikiwa nyeupe maji yameingia. Haikuwa nyeupe. Nilipaka greasi kila panapozunguka. Nikaifunga kwenye pipa, ikawaka kwa mvuto mmoja, ikakojoa mstari mnene, nikatia kidole nikakuta maji ya vuguvugu. Nzima!

Idrisa kazi yake ilikuwa kupigwa picha. Anachukua spana yangu mkononi mwangu, anainama juu ya mashine, ananipa simu nimpige. Nikampiga, tena nikamwambia asogee kwenye mwanga. Nyinyi mmeshamwona punda anayejifunga mzigo mwenyewe?

Siku ya kurudisha, akaniambia yeye atatangulia na mashine kwenye pikapu, mimi nifuate kwa basi na sanduku la vifaa, maana nafasi ni ndogo. Sanduku lile lina uzito wa mbuzi. Nikalibeba, nikashuka kwenye basi, nikateremka mpaka ziwani nikiwa natabasamu peke yangu.

Nilimkuta amekaa na Madamu chini ya mwavuli, wanakunywa soda. Madamu ananyoosha mkono anampongeza. Kazi amepewa! Akamwambia asisahau kumleta mke wake kutoka Kampala mapema, chumba kina nafasi ya familia, na mtoto atapenda ziwa.

Mke. Mtoto.

Nilisimama pale na sanduku mkononi. Madamu akaniona, akamwuliza mimi ndiye nani hasa, kwa sababu siku ile nyingine Idrisa hakunijulisha kwake vizuri. Na Idrisa, bila kugeuza hata shingo, akasema:

"Ni msichana wa gereji tu, Madamu. Huwa ananioshea spana."

Ananioshea spana. Mimi ambaye nilikuwa nina oili ya mashine ile mpaka kwenye kucha! Niliitazama ile overoli yake safi, na mapenzi yote niliyokuwa nayo yakageuka dharau hapo hapo. Sijawahi kumdharau mtu hivyo. Nilidharau soda aliyokuwa anakunywa. Nilidharau jinsi alivyofuta mdomo. Nadhani hata kinyonga aliyekuwa kwenye ua pale nilimwona ana heshima kuliko yeye.

Halafu Enjinia akataka kuonyesha kazi.

Mashine ilikuwa imefungwa kwenye kigogo, juu ya nyasi, mbali na maji. Wageni watano waliokuwa wanasubiri kuvushwa walikuwa wanatazama. Idrisa akavuta kamba, ikawaka, naye akafanya kile anachokijua maishani: akavuta mafuta mpaka mwisho. Ikanguruma! Ndege wakaruka kwenye mafunjo. Madamu akaziba masikio huku anacheka. Enjinia anaachia, anavuta tena, anaachia, anavuta, kama yuko na moto ya mtu pale Gatsata. Kavu! Hakuna tone la maji.

Mimi nilikuwa nahesabu moyoni. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili. Nikaanza kusikia harufu ya mpira, nyembamba, kama ya ndara iliyokanyaga jiko.

Ile feni imekwisha, nikajua. Na nikafurahi.

Ndiyo, nilifurahi. Nilijiambia sasa wataona. Itazimika mbele ya wageni, Madamu atauliza, Enjinia atatafuta maneno yake ya Kampala ayakose. Nilimwona tayari anatoka jasho kwenye ile kola nyeupe. Ilikuwa tamu, wasomaji, siwezi kuwadanganya.

Vianney na mlinzi wakaibeba mashine kuifunga kwenye boti. Vianney alipopita karibu yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu hakuwa mjinga, alikuwa anajua nani alitengeneza nini:

"Fundi, nifunge? Iko sawa?"

Nikamjibu: "Mwulize Enjinia."

Akanitazama kidogo. Akadhani nina huzuni ya kukosa kazi. Akanigusa bega, akaenda kufunga.

Wageni wakapanda. Idrisa naye akapanda mbele, amekaa kifua wazi kama mwenye ziwa. Vianney akashika usukani, akaniomba nisukume. Nikasukuma. Mashine ikawaka vizuri kabisa, kwa sababu kazi yangu ilikuwa nzuri. Nikainama nikatazama kitundu.

Kikavu. Hata tone.

Vianney akageuka kunitafuta. Alikuwa anasubiri mkono.

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu. Zima. Neno fupi kuliko yote niliyofundishwa! Lakini mbele ya boti Idrisa alikuwa anacheka na mgeni mmoja, ananinyooshea kidole, sijui anasema nini, labda habari za spana... Nikainua mkono. Juu kabisa. Wageni wakadhani nawaaga, wakanipungia.

Vianney akatabasamu, akaongeza mwendo.

Niliwaza itafika mita mia hivi, itapata moto, atazima, watarudi kwa makasia, Enjinia ataaibika, basi. Sikuwaza zaidi ya hapo. King'ora cha mashine, kile kinacholia ikizidi joto, kilikufa zamani, nilikuwa najua, lakini hicho nacho sikukiwaza.

Ilifika katikati ya ziwa. Nikaona moshi kwanza, halafu kimya. Mashine iliyokuwa inasikika mpaka kwenye gati, kimya... Mashine ikishaungua hivyo inakwama, haizunguki tena hata uivute na ng'ombe. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza na boti ikaanza kwenda ubavu. Wageni wakapiga kelele. Vianney akataka kuiokoa: akafungua kifuniko, moshi ukamfuka usoni, akaona panataka kushika moto karibu na bomba la petroli, akachota maji ya ziwa kwa ndoo akayamwaga. Yale maji yakarudi mvuke. Yalimpika mkono wa kulia kuanzia vidole mpaka kwenye kiwiko.

Alipiga makasia kwa mkono wa kushoto mpaka boti ya pili ilipowafikia.

Na Enjinia? Walivyotueleza wageni, alikuwa wa kwanza kukumbatia jaketi la kuokolea. Si lake peke yake, alikuwa amekumbatia mawili! Mama mmoja mgeni alimnyang'anya moja kwa nguvu. Walipofika gatini aliruka kabla ya wote, akasema anakwenda kuita gari la wagonjwa, akaondoka na moto ya kwanza aliyoiona barabarani. Hakuita gari la mtu yeyote. Mpaka leo simu yake haipatikani, na kona yake pale Gatsata imebaki na stendi moja na kioo cha kujitazamia.

Mwone mtu aliyenifanya nipoteze utu wangu. Kioo cha kujitazamia!

Vianney alilazwa hapa Kigali. Mke wake alikuwa na mtoto mchanga, hakuweza kuja kila siku, basi mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji na kumlisha kwa kijiko. Watu wa wodi walinisifu, wakauliza kama mimi ni ndugu. Yeye mwenyewe alinishukuru mpaka nikawa natamani kijiko kinidondoke. Aliniambia amefikiri sana. Kwamba mashine ilikojoa pale gatini, mimi niliona, halafu lazima iliziba njiani, na yeye hakusimama kutazama tena kama inavyotakiwa. Kosa ni lake. Alikuwa anaurudia huo uongo wangu kitandani, anajiadhibu nao, na mimi nampulizia uji upoe.

Siku ya tisa Madamu Odile akanipigia. Alisema Vianney amemweleza kila kitu kuhusu nani alitengeneza mashine, kuhusu chupa ya petroli, kuhusu plagi. Akaniomba radhi kwa kutoniuliza mwenyewe. Alisema kazi ni yangu, chumba ni changu, nianze wiki ijayo. Halafu akaongeza kwamba anatafuta na nahodha mpya. Vianney hatarudi hata akipona. Yeye mwenyewe amekiri uzembe, na Madamu hawezi kuwapa wageni wake mtu mzembe.

Nikamwambia nimesikia, nitampa jibu.

Mama alipopata habari alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Jioni hiyo hiyo akakata kitambaa cha overoli mbili, za buluu, akazipiga pasi, akazitundika ukutani nizione nikiamka. Ndoto yangu iko pale kwenye msumari. Ninachotakiwa ni kunyamaza. Nani angejua? Waliojua maana ya ule mkono tulikuwa wawili, na mmoja wetu ananitetea!

Siku tatu sikula vizuri. Nilikuwa najiambia Vianney ameshaungua, nikisema ukweli mkono wake utapona? Nilijiambia Idrisa ndiye aliyeharibu feni, si mimi. Na hapo ndipo nilipojishtukia... Nilikuwa naongea kama Idrisa. Maneno yale yale matamu, kola ile ile safi, mzigo kambebesha mwingine. Nilikuwa nimemdharau mtu huyo mpaka mwisho wa dharau, na sasa nilikuwa nimekaa kitandani nimevaa ngozi yake!

Nikaenda hospitali bila uji. Nikasimama karibu na kitanda. Nikamwambia:

"Haikukojoa hata pale gatini. Niliona. Nikainua mkono."

Nikamweleza yote, habari ya nyasi, harufu ya mpira, spana, mke wa Kampala, kicheko. Nililia sana wakati naeleza, na machozi yangu hayakunisaidia. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu:

"Mimi ulikuwa ulinifikilia?"

Angeniuliza kama nilimchukia, ningesema hapana, haki ya Mungu hapana. Lakini aliuliza kama nilimfikiria.

Akageukia ukutani. Nikasubiri. Muuguzi akaja kumbadilisha bandeji, akaniambia nitoke, na nilipokuwa mlangoni Vianney hakugeuka.

Nikampigia Madamu nikiwa bado kwenye ngazi za hospitali, kwa sababu nilijua nikifika nyumbani nitaziona zile overoli na ulimi utakufa. Nilimweleza. Aliniuliza kama nina akili timamu, halafu akakata simu. Baadaye alimtuma mlinzi aje gerejini kuchukua mashine iliyoungua, niliyokuwa nimeletewa niikague, na kwangu hakutuma neno lolote.

Vianney alirudishwa kazini. Vidole vyake viwili havikunjiki, hashiki tena kamba ya kuwashia, lakini ameshika usukani na anafundisha vijana wa pale. Nilisikia kwa watu. Nimempigia mara tatu, hakupokea, nikaacha. Fundi waliyempata ametoka Rubavu, na mimi sijui hata jina lake.

Mimi niko hapa Kimisagara, kwenye kibanda karibu na nyumbani. Natengeneza jenereta na moto chache za petroli zilizobaki, maana za umeme zinaongezeka kila siku. Mama hajaniuliza lolote juu ya zile overoli. Alizishusha mwenyewe, akazibadilisha akawauzia mafundi wa umeme.

Mabinti wenzangu mnaofanya kazi kwa mikono, nawaomba msimwazime mtu mdomo wenu. Kazi yako iseme wewe, hata ukiwa na greasi kwenye nyusi, hata wakucheke. Ningejitambulisha kwa Madamu siku ile ya kwanza, mkasa huu usingekuwepo. Nanyi wenye mashine, za boti au za nini, msiruhusu mtu kuiwasha kavu ili mfurahie kelele. Kelele si uzima.

Na wewe uliyesalitiwa, ambaye leo umekaa mahali unamsubiri msaliti wako aanguke ili ucheke... Najua ilivyo tamu. Nimeionja. Nakusihi, kabla hujanyamaza kwa makusudi, angalia kwanza amekaa na nani kwenye hiyo boti. Mimi sikuangalia. Walikuwa saba, na mmoja wao alikuwa amegeuza shingo, ananitazama mimi, ananiamini.